Nyuzi Thelathini na Moja

Simu ililia binti akiwa amepiga magoti uani, anasugua masizi ya sufuria. Namba hakuijua. Akafuta povu kwenye gauni, akapokea.

"Naongea na yule mhitimu wa sayansi ya chakula?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, kavu, kama ya mtu anayesoma orodha ndefu.

"Ndiye mimi."

"Kiwanda cha maziwa hapa. Umepita. Jumatatu saa moja kamili uwe maabara. Uje na vyeti halisi, si nakala."

Simu ikakatika. Binti akaitazama kama kitu kilichomwuma. Kisha akapiga kelele, "Mama!" Mama yake akatoka jikoni mbio na mwiko juu, na bibi akachungulia dirishani akiuliza nyoka yuko wapi.

"Si nyoka, bibi. Ni kazi!"

Miezi kumi na mmoja ilikuwa imepita tangu avue joho la mahafali. Miezi kumi na mmoja ya kutuma barua, kusubiri, na kuulizwa na majirani kama bado "anapumzika". Mama alimkumbatia na mwiko wake mkononi, ukamwachia alama ya mchuzi mgongoni, na hakuna aliyejali.

Baba alipata habari akiwa barabarani. Alikuwa dereva wa kikundi cha wafugaji. Kila asubuhi alizunguka nyumba kwa nyumba na pikapu ya kikundi, akakusanya madebe ya maziwa na kuyapeleka kwenye kiwanda hicho hicho. Kazi hiyo aliifanya kwa mwendo ambao madereva wenzake waliucheka mpaka wakambandika jina la Taratibu. Alisema maziwa yakirushwarushwa huharibika. Siku ile aliingia mtaani anapiga honi kama anayeleta bibi harusi.

"Kiwanda kile kile?" aliuliza, bado hajazima gari. "Ndani kabisa? Kwenye kile chumba cha vioo?"

"Ndani kabisa, baba."

"Mimi miaka yote hii naishia mapokezi," akasema, na akacheka peke yake hadi akalazimika kukaa.

Siku mbili zilizofuata nyumba nzima ilikuwa na kazi moja. Mama alishusha pindo la sketi, akaona limeshuka mno, akalipandisha. Fundi viatu alipaka gundi kwenye soli ya vile viatu vyeusi vya mitihani, akaonya visikanyage maji mpaka mwisho wa mwezi. Bibi alikaa kitandani akitoa maagizo.

"Mke mwenzangu, usicheke na wanaume wa huko siku ya kwanza. Waache wateseke kidogo."

"Bibi, naenda kupima maziwa."

"Ndiyo hayo hayo. Mwanamke mwenye mshahara hupimwa pia. Nakwambia marehemu mume wetu angekuwa hai, leo angekuposa upya."

*

Jumatatu binti alipanda kiti cha mbele cha pikapu, bahasha ya vyeti mapajani. Nyuma madebe matupu yaligongana taratibu kwa mwendo wa baba yake, aliyeamua kumfikisha kwanza kabla ya kwenda kukusanya maziwa. Getini mlinzi alikagua jina lake kwenye daftari, akampa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Kiliandikwa MGENI.

"Chako bado hakijachapwa," mlinzi akasema. "Vumilia."

Alipewa koti jeupe lililowahi kuvaliwa na mtu mnene, akakunja mikono mara tatu. Hakulalamika. Alipoingia ule ukumbi wa matangi ya chuma, mvuke ukifuka, mabomba yakipita juu kama barabara, watu wakipishana bila kugongana, moyo ulimdunda kwa furaha. Vitu alivyovichora kwenye madaftari vilikuwa hapa, vikubwa kuliko nyumba yao, na vinanguruma.

Meneja wa ubora alikuwa ndiye yule mwenye sauti kavu: mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi. Madereva walimwita Bi Stempu, kwa kuwa mhuri wake haukutoka mkononi. Alimpa fomu ajaze. Swali la mwisho liliuliza kama ana ndugu anayefanya shughuli na kiwanda. Binti akaandika: Baba yangu huleta maziwa.

Bi Stempu alisoma, akainua macho.

"Taratibu ni baba yako?"

"Ndiyo."

"Mtu mzuri. Lakini sikiliza. Hapa maziwa hayana ukoo. Siku utakapompendelea nitajua, na siku hiyo ndiyo utakayorudisha hilo koti. Miezi mitatu uko kwenye majaribio. Sihitaji hata kukueleza sababu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Maneno hayo yalimkaa kichwani. Jumanne na Jumatano aliosha vyombo, alinakili namba, aliuliza maswali mpaka mafundi wakaanza kujificha. Nyumbani alisimulia yote tangu anavua viatu: tangi fulani lina kina gani, mashine ya kufunga pakiti ina kasi gani, choo cha wafanyakazi kina sabuni ya aina gani. Bibi alitaka habari ya sabuni irudiwe.

Jumatano jioni alileta habari kubwa zaidi.

"Mpimaji wa mapokezi ameanza likizo ya uzazi mapema. Kesho nasimama mimi."

Baba aliweka kikombe chini. "Yaani kesho utanipima wewe?"

"Wewe na wote."

"Basi kesho nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Sitaki mtu yeyote apimwe na mwanangu kabla yangu."

Mama akacheka. "Wewe wa kwanza? Na huo mwendo wako?"

"Utaniona."

*

Kwa kawaida Taratibu akishakusanya maziwa, aliyatumbukiza madebe kwenye birika la maji baridi la kikundi, akayaacha humo saa nzima ndipo akaondoka. Alifika kiwandani saa tatu, wa nne au wa tano. Alhamisi ile alipita birika bila hata kulitazama. Saa moja na nusu gari lake lilikuwa mbele kabisa ya mapokezi, naye amesimama kando, kofia mkononi, shati la kwenda kwenye sherehe mwilini.

Madereva wengine walipofika na kumkuta, palikuwa na kelele.

"Jamani, Taratibu amejifunza gia ya tatu!" Huyo alikuwa Kasuku, kijana mwembamba wa lori la bluu, ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Kumbe siri ni mwanao kuwa kiwandani. Leo hata ukileta uji, unapita!"

Wakacheka. Baba naye akacheka. Binti, juu ya jukwaa la saruji, akahisi masikio yanapata moto. Aliwaona wote wakimtazama kwa jicho lile la kusubiri, na kwa mbali, nyuma ya kioo cha ofisi, aliiona miwani ya Bi Stempu ikimeta.

Alifungua debe la kwanza, akakoroga, akachota. Akatia matone kwenye spiriti: hayakuganda. Maziwa ni mabichi na mazima. Akatumbukiza kipimajoto, akaandika kwenye fomu: nyuzi 31. Akamimina maziwa kwenye gilasi ndefu, akaachia laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea na kuonyesha uzito wa maziwa. Kikazama, kikapanda, kikatulia.

Ishirini na sita.

Akakifuta, akarudia. Ishirini na sita. Debe la pili vivyo hivyo. La tatu vivyo hivyo. Kiwanda kilikubali kuanzia ishirini na nane. Chini ya hapo, kila dereva alijua maana yake.

Baba yake alikuwa anamtazama akitabasamu kama mtu anayepigwa picha. Nyuma yake madereva walikuwa wamesogea karibu, hata Kasuku. Mawazo mengi yalimpita binti kwa sekunde chache, na karibu yote yalihusu macho ya watu.

"Yamekataliwa," akasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Uzito hautoshi. Yameongezwa maji."

Tabasamu la baba lilichelewa kuondoka, kama halijasikia vizuri.

"Maji?" akasema. "Mama, maji nimeyatoa wapi? Nimetoka kwenye zizi la mwisho moja kwa moja mpaka hapa."

"Saini hapa. Nakala moja ni yako."

"Hebu pima tena, mwanangu. Pengine..."

"Nimepima mara mbili. Mzee, tafadhali sogeza gari, kuna wengine nyuma."

Baba alimtazama. Akachukua kalamu, akasaini polepole, akakunja nakala yake mara nne na kuitia mfuko wa shati la sherehe. Akavaa kofia. Gari likarudi nyuma kwa mwendo wake ule ule, madebe yote yakiwa yamejaa.

Magari mengine yakasogea moja moja. Maziwa yao yalikuwa yamelala kwenye maji baridi tangu alfajiri, na yote yalipita. Ilipofika zamu yake, Kasuku alitoa madebe yake kimya na kusema chini kwa chini, "Huyu dada hana mchezo." Bi Stempu alipita nyuma ya binti, akaiona fomu iliyokataliwa, akatikisa kichwa kukubali. Kwa muda fulani binti alitembea akijiona ameiva kabisa.

*

Saa tatu na nusu mama alipiga simu.

"Mwanangu, umefanya nini?"

"Mama, niko kazini."

"Baba yako yuko pale kwa kikundi, wamemzunguka. Mwenyekiti amemnyang'anya ufunguo wa gari. Wanasema ameuza maziwa yao njiani akajazia maji. Wengine wanasema ni leo tu amekamatwa, kwamba amefanya hivi miaka yote. Wanataka atoke leo leo, na jina lake libandikwe ubaoni." Mama alivuta pumzi. "Yeye hasemi kitu. Amekaa juu ya debe. Nimemwuliza, ananiambia, 'Mtoto amesoma.' Basi. 'Mtoto amesoma.'"

Binti alisema atapiga baadaye, akakata, akabaki amesimama katikati ya maabara.

Sampuli za maziwa yaliyokataliwa zilihifadhiwa kwenye friji mpaka jioni, pengine mtu atalalamika. Hakuna aliyekuwa amelalamika. Lakini binti alitaka kuiona ile namba tena. Alitaka kuwa nayo jioni atakapoingia nyumbani, aishike kama ngao. Akaitoa chupa, akamimina kwenye gilasi, akaachia laktomita.

Ikasimama kwenye ishirini na tisa.

Akadhani ameshika chupa ya mtu mwingine. Akasoma lebo: ni ya baba, mwandiko ni wake mwenyewe. Akatia kipimajoto. Nyuzi kumi na sita. Akatazama kipimajoto, akatazama laktomita.

Maziwa ya moto huwa mepesi. Laktomita huzama ndani yake kama vile yametiwa maji. Ndiyo maana kwa kila nyuzi moja inayozidi ishirini, mpimaji anaongeza sehemu mbili za kumi kwenye namba aliyosoma. Thelathini na moja kutoa ishirini ni kumi na moja, na sehemu mbili za kumi mara kumi na moja ni mbili na ushee. Ishirini na sita na hiyo nyongeza ni ishirini na nane na kidogo. Yalikuwa maziwa safi, ya moto kwa sababu yametoka moja kwa moja kwenye ng'ombe, na yametoka hivyo kwa sababu baba yake alitaka kuwa wa kwanza. Mtoto wa mwaka wa pili angelijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua akiwa mwaka wa pili.

Sinki lilikuwa hatua mbili tu. Kumwaga chupa moja, kufungulia bomba, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Alijua pia kwamba kwa mtu aliye kwenye majaribio, kosa kama hili siku ya nne ni kumwaga unga, na kwamba miezi mingine kumi na mmoja ya "kupumzika" ilikuwa inamsubiri mtaani. Alisimama hapo mpaka jasho likamtoka, kwenye chumba chenye baridi.

Kisha akaibeba gilasi, na laktomita bado inaelea ndani yake, akatoka nayo kwenye korido kwa hatua za mtu anayebeba taa, akagonga mlango wa Bi Stempu kwa kiwiko.

*

"Kaa."

"Nitasimama. Nimekosea, meneja. Yale maziwa ya asubuhi hayana maji."

Bi Stempu alivaa miwani. Alisoma laktomita, akasoma kipimajoto, akavuta fomu ya asubuhi kwenye jalada. Akachukua kalamu nyekundu na kuzungushia namba moja.

"Hii nyuzi thelathini na moja aliandika nani?"

"Mimi."

"Uliiandika iwe pambo?"

Binti aliitazama ile namba iliyozungushiwa wekundu.

"Chuoni hamkufundishwa nyongeza?"

"Tulifundishwa. Ilikuja kwenye mtihani. Niliipata."

"Mtihani hauna baba." Bi Stempu aliegemea kiti. "Nijibu kweli. Angekuwa dereva mwingine, ungesahau?"

Swali hilo binti alikuwa bado hajajiuliza. Akajiuliza sasa hivi, mbele ya mtu.

"Nisingesahau," akasema. "Niliona namba ndogo na nikaogopa wataniona nampendelea. Nikaacha kufikiri."

"Kwa hiyo ulimwonea ili wewe uonekane mwadilifu."

Machozi yalimjia, akayakataza. Nje, mashine ya pakiti ilikuwa inapiga tak, tak, tak.

"Na mimi nilipita nikatikisa kichwa," Bi Stempu akaongeza, zaidi kwa nafsi yake. Akasukuma simu ya mezani mbele. "Mpigie. Hapa hapa, sauti iwe wazi. Maziwa yaliyokamuliwa alfajiri yana saa chache tu. Yakivuka saa tano, hata yakiwa safi kama ya peponi, siyapokei."

Simu ililia sana kabla ya kupokelewa. Kulikuwa na makelele ya watu nyuma.

"Baba."

"Naongea na mwanangu au na kiwanda?"

"Na kiwanda, baba."

"Kiwanda huniita mzee."

Binti alifumba macho. Bi Stempu alitazama dari.

"Kiwanda kinasema kimekosea," binti akasema. "Maziwa yako hayana maji. Yalikuwa ya moto, na mimi sikuhesabu joto. Kosa ni langu."

Sauti ya baba ikaja, ngeni kidogo: "Ngoja. Hapa nina watu. Naweka sauti wazi na mimi. Rudia."

Akarudia, maneno yale yale, safari hii kwa watu asiowaona. Mtu mmoja aliguna. Mwingine akauliza huyo anayeongea ni nani. "Ni mpimaji," baba akajibu.

"Bado mnayo?" binti akauliza. "Hamjayamwaga?"

"Walitaka kumwaga. Niliwaambia maziwa hayajamkosea mtu. Nimeyatia kwenye birika."

Bi Stempu aliinama kwenye simu. "Yaletwe sasa hivi. Na mtu amwambie Taratibu kwamba leo hiyo gia ya tatu ninairuhusu."

*

Saa nne na dakika arobaini pikapu iliingia getini kwa kishindo, madebe yamefungwa kamba, baba kwenye usukani, mwenyekiti wa kikundi kando yake ameshikilia dashibodi kwa mikono miwili. Madereva kadhaa walikuwa bado wapo wakisubiri kuosha madebe. Kasuku alikuwa amekaa juu ya boneti la lori lake kama mtu aliyelipia tiketi.

Binti alikuwa ameshika kipimajoto tangu dakika kumi zilizopita. Mara hii alifanya kila kitu kwa sauti.

"Joto, nyuzi ishirini. Spiriti, hayakuganda. Uzito..." Laktomita ikazama, ikapanda. Hata mlinzi alikuwa ameacha geti. "Ishirini na nane na ushee. Yamepokelewa."

Madebe yakaanza kushushwa. Binti hakuondoka jukwaani.

"Asubuhi niliwaambia kwamba haya maziwa yana maji," akawaambia madereva. "Nilikosea. Hayakuwa na maji. Mliosikia lile, naomba msikie na hili."

Wakatazamana. Kasuku akajikuna shingo. "Basi na yangu yaliyokataliwa wiki iliyopita yapimwe tena," akasema, na kicheko kikawatoka, hiki cha sasa kikiwa chepesi, na hata mwenyekiti akajikuta amecheka, ingawa hakujua habari ya wiki iliyopita ilikuwa nini.

Baba alisogea karibu na jukwaa, akasimama chini yake, kichwa kikiwa usawa wa vile viatu vya gundi vya binti.

"Maji ningeyavumilia," akasema taratibu. "Lile neno 'mzee' ndilo limeniuma."

"Nisamehe, baba."

"Nimesamehe tangu kwenye simu. Lakini jioni uje mwenyewe kwenye kikundi. Kuna wanaosema nimekulilia ndipo ukabadilisha. Ule ubao siutaki kuuona una jina langu hata kwa chaki iliyofutika."

Mchana Bi Stempu alimwita tena. Mezani palikuwa na karatasi mbili. Moja ilikuwa barua kwa kikundi cha wafugaji, ikieleza kwamba kosa lilikuwa la kiwanda. Ya pili ilikuwa onyo kwa mfanyakazi mpya, la kuwekwa kwenye jalada lake. Mhuri ukagonga ya kwanza, ukagonga ya pili.

"Saini zote mbili," akasema. "Kesho uje saa yako ya kawaida."

"Yaani bado nina kazi?"

"Aliyeficha angekuwa hana. Chukua na laktomita ile ya zamani, ile yenye ufa juu. Watu wa mazizi hawaamini karatasi."

*

Kikundi kilikutana jioni, saa ya kukamua, kwenye banda la birika. Watu walifika na ndoo zao, na mama alikuja, na bibi akaja kwa fimbo yake akikataa kuachwa. Binti alisoma barua akiwa amesimama kando ya baba. Ilisikika kavu sana hewani. Mwenyekiti akakohoa, akasema basi, kikundi kimesikia, lakini nyuso nyingine zilikuwa bado zimekunjamana.

"Karatasi inaandikwa tu," mtu mmoja akasema.

Binti akaweka barua chini. "Nani amekamua sasa hivi?"

Ndoo ikaletwa, maziwa yana povu na mvuke. Akajaza gilasi, akaachia laktomita, akamwita yule yule aliyesema asome. Huyo akainama, akasoma ishirini na sita, akainuka kwa hasira. "Mimi sijatia maji!"

"Najua. Sasa ngoja."

Akaisimamisha gilasi ndani ya maji ya birika. Walisubiri, na kadiri walivyosubiri ndivyo walivyosogea, mpaka watoto wakapenyezwa mbele na ng'ombe mmoja akaachwa bila mtu. Kijiti kilianza kupanda, polepole sana, mstari mmoja, mwingine. "Kinapanda!" "Kiko ishirini na saba!" "Nipishe, na mimi nione!" Kilipofika ishirini na nane walikuwa wanapiga kelele kama uwanjani, na bibi akawa anamwambia kila aliye karibu, "Huyo ni mke mwenzangu, huyo." Binti alikuwa amelowa viatu na hakujali, alikuwa anaeleza, anachora hesabu kwenye vumbi kwa kidole, anaulizwa na kujibu, uso wote unang'aa. Mwenyekiti, aliyeuchukua tena ufunguo baada ya safari ya kiwandani, alimrudishia baba mbele ya wote, kwa mikono miwili.

Ndipo sauti ikatoka nje ya uzio.

"Na yangu yalikuwa ya moto."

Walimjua wote. Mama Pacha, mwenye ng'ombe wawili, alitolewa kwenye kikundi mwaka uliopita baada ya maziwa aliyoyapeleka mwenyewe kiwandani kukataliwa kwamba yana maji. Tangu siku hiyo aliuza kwa vikombe barabarani, na watu walipomsalimu walimsalimu wakiwa wanapita.

"Siku ile gari la kikundi lilikuwa bovu," akasema. "Niliyabeba kichwani, juani, bado yana joto la ng'ombe. Nililia hapa, mbele yenu. Mkanifukuza."

Mwenyekiti alitazama ndoo. Binti akauvuka uzio.

"Tarehe unaikumbuka, mama?"

"Vipi nisiikumbuke?" Akaitaja, siku, mwezi, hata saa. Binti akaiandika nyuma ya bahasha ya barua.

*

Ijumaa alifika nusu saa kabla ya muda. Majalada ya mwaka uliopita yalikuwa juu kabisa ya kabati. Alipanda kiti, akapiga chafya kwa vumbi, akapekua. Fomu ilikuwepo. Uzito: ishirini na sita. Joto: thelathini na mbili. Pengo la nyongeza halikujazwa kitu. Chini palikuwa na saini ya mpimaji, na chini yake nyingine, ya kuidhinisha, na mhuri.

Bi Stempu alipoingia, alimkuta amesimama mlangoni na karatasi ile. Aliipokea bila salamu. Akavaa miwani. Macho yake yalishuka kutoka namba hadi namba mpaka yakafika kwenye saini ya mwisho, yakakaa hapo muda mrefu.

"Unajua hii ni saini ya nani?"

"Ndiyo, meneja."

"Na bado umeniletea."

"Ana ng'ombe wawili na watoto pacha," binti akasema.

Bi Stempu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa tena kana kwamba namba zingebadilika. Nje honi zilikuwa zimeanza.

"Nenda mapokezi, kuna foleni," akasema mwishowe. "Hii ni ya kwangu."

Binti alipanda jukwaani. Baba yake alikuwa wa tano siku hiyo, madebe yanatiririka maji ya birika. Akampima kama wengine: joto, spiriti, uzito. "Yamepokelewa, baba," akasema, na Kasuku akaguna kwa nguvu nyuma.

Madebe matupu yalipopakiwa, mlango wa ofisi ulifunguka. Bi Stempu alitoka bila koti jeupe, bahasha kwapani, mhuri mkononi, akakatiza kati ya magari huku madereva wakimpisha. Akafungua mlango wa pikapu, akapanda kiti cha mbele.

"Taratibu," akasema, "nipeleke kwa Mama Pacha. Na usikimbize gari. Bado natafuta maneno."

Baba aligeuka akamtazama binti yake kule juu. Binti alikuwa tayari ameinama juu ya debe la dereva aliyefuata, kipimajoto mkononi, anasoma kwa sauti.